Gari la Umeme na Ng'ombe Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeamua. Nanunua gari la umeme. Jipya. Si mtumba.

Sababu ni Jackson. Jirani yangu huyu ana Probox moja ambayo bampa yake imefungwa kwa waya, lakini ndiyo gari pekee linalotoka hapa kwetu Nyanungu kwenda Tarime mjini kila asubuhi. Leo amenipakia nyuma, pamoja na gunia la mkaa na majogoo wawili, halafu akanitoza nauli kamili. Nilipolalamika akasema mbona majogoo wametulia. Abiria walicheka mpaka tukafika.

Basi. Mimi nina mashine ya kusaga. Mashine inatumia umeme. Gari linatumia umeme. Kwa hiyo kati yangu na gari hilo hakuna siri. Jackson anunue petroli mpaka azeeke. Mimi nitachomeka ukutani, nitalala, asubuhi nitaondoka na abiria wake wote.

Picha nimeipata kwenye simu. Jeupe, milango minne, halitoi moshi. Bei milioni thelathini na sita. Ninazo laki nne na ishirini. Kinachokosekana ni mkopo nafuu tu.

Rhobi, mke wangu, amesikiliza yote huku akichambua maharage. Kisha akauliza kama nawakumbuka ng'ombe wanane wa baba yake.

Nawakumbuka. Ni salio la mahari. Tulikubaliana ishirini, nikapeleka kumi na wawili, wengine ningepeleka mambo yakikaa sawa. Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita. Mambo bado yanakaa.

Kila mwaka Mzee Ezra, baba mkwe wangu, hutuma mtu kutoka Busawe kuuliza ng'ombe wangu wamefika wangapi. Nami kila mwaka hujibu kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, ni mkosi. Ni mila. Tena ni mila nzuri sana.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kutafuta mkopo.

Benki ya kwanza. Kijana mwenye tai ameomba hati yangu ya mshahara. Nikamwambia mimi siajiriwi, mimi ni mwajiri. Akauliza nimeajiri wangapi. Mmoja. Analipwa kiasi gani? Nikamweleza kwamba ni mke wangu. Akafunga faili.

Benki ya pili. Wanataka nitangulize asilimia arobaini ya bei. Nikapendekeza sifuri. Dada wa dawatini akadhani natania, akacheka vizuri sana, akanipa peremende.

Sirari, mpakani. Nimevuka kwenda kuonana na Steven, dalali wa upande wa Kenya. Ameniita mkubwa. Ameniambia hii ni lipa mdogo mdogo, mkubwa, hata mwalimu wa nasari anaweza. Nimepiga hesabu juu ya mfuko wa unga. Kwa mdogo mdogo ya Steven, baada ya miaka mitano nitakuwa nimelipia magari mawili na milango mitatu. Gari lenyewe ni moja.

Nimerudi na Jackson. Nyuma tena. Leo mbuzi.

Jumatano, 4 Juni

Ushindi!

Kuna ofisi mpya ya mikopo mjini, ghorofani, juu ya duka la pembejeo. Afisa wake ni Bi Domitila, mgeni kutoka Muleba, mpole, anaandika kila kitu anachoambiwa. Amesema wana mkopo wa magari ya umeme. Riba ndogo. Kutanguliza: hakuna hata senti! Sharti ni moja tu. Mkopaji awe na ng'ombe thelathini au zaidi wa kuweka dhamana.

Akauliza ninao wangapi. Nikasema zaidi.

Akaandika.

Zizini kwangu wapo tisa. Mmoja ana pembe moja.

Bi Domitila atakuja kuwakagua Jumanne.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbili sijapata usingizi wa maana. Thelathini kutoa tisa ni ishirini na mmoja. Nimejaribu kwa njia nyingine, jibu halibadiliki.

Rhobi amesema kama kuna mtu wa kuwekewa dhamana ng'ombe wetu, yupo Busawe na anasubiri tangu Nice hajazaliwa. Nice ni binti yetu, yuko kidato cha pili, bweni. Nikamwambia Rhobi gari likianza kazi, nitapeleka wanane kwa mkupuo, wakisindikizwa na gari lenyewe. Akarudi kwenye maharage. Huyu mwanamke ana maharage mengi sana.

Saa kumi jioni nilikuwa najikuna mguu. Kupe! Nikamtoa, nikamtazama. Hapo hapo akili ikafunguka.

Jumapili, 8 Juni

Nimetangaza baada ya ibada. Jumanne saa tatu asubuhi, zizini kwangu, kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Bure. Kila mtu alete wake.

Mzee mmoja akauliza kama ninaumwa. Nikajibu kwamba jirani ni ndugu. Jackson akauliza kama bure hiyo ni bure ya kawaida au ni bure yangu. Nikampuuza. Ana ng'ombe kumi na wanne, wanono. Nawahitaji.

Hela ya dawa nimeipata kwa Mwalimu Beatrice wa shule ya msingi. Nimemuuzia kiti cha mbele. Amelipa nauli ya miezi miwili. Aliuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko kwenye taratibu.

Jumanne, 10 Juni

Nitaandika polepole nisisahau kitu.

Saa mbili na nusu walianza kuingia. Weusi, wekundu, wa madoa, na ndama juu yake. Zizi likajaa, wengine wakasimama nje kando ya barabara. Nikavaa buti na bomba la dawa mgongoni. Nilipendeza.

Saa tatu na robo Bi Domitila akafika kwa bodaboda. Akaniuliza wale wanaume kumi waliosimama na fimbo ni akina nani. Nikasema ni wachungaji wangu. Akauliza yule aliyevaa miwani ya jua, anayenitazama vibaya. Huyo ni Jackson. Nikasema ndiye mchungaji mkuu, ana hasira lakini ni mwaminifu.

Akaanza kuhesabu. Kwa sauti! Mmoja, wawili, watatu, huku akiwagusa kwa kalamu na kuwapiga picha. Wazee wote wakageuza nyuso. Mimi pia mwili ulinisisimka, maana tangu nizaliwe sijasikia jambo kama hilo kwenye zizi la kwetu. Lakini huwezi kumkataza mtu anayekupa milioni thelathini na sita. Nikanyunyiza dawa.

Arobaini na mmoja!

Akauliza swali moja tu. Mbona kila ng'ombe anamwangalia mtu tofauti? Nikasema wamefundishwa.

Saa sita dawa ikaisha. Watu wakapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka, kila kundi njia yake, njia kumi. Bi Domitila akasimama kuwatazama mpaka wa mwisho akapotea. Nikamweleza kwamba wanaenda malishoni na kila mmoja anajua majani yake. Wakabaki tisa. Nikasema hao ni wagonjwa.

Akaandika.

Jumatano, 11 Juni

Mkopo umekubaliwa! Zimebaki taratibu mbili. Kwanza, tangazo la dhamana libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa siku tano. Pili, Jumatatu mwenyekiti atie saini na muhuri.

Tangazo limebandikwa saa nne. Jina langu lote, Vicent, kwa herufi kubwa. Ng'ombe arobaini na mmoja, pamoja na rangi zao. Chini limeandikwa: Mwenye pingamizi ajitokeze.

Nimeenda kulisoma mara nne. Mara ya tano nilimkuta Jackson analisoma. Alikuwa amefika kwenye mstari wa mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Akauliza kwa upole huyo ni ng'ombe wa nani. Nikasema weusi wako wengi. Akatoa simu, akapiga picha tangazo lote, akaondoka.

Wivu.

Nimeanza kujenga banda la gari. Nguzo nne, bati nane. Sina tena laki nne na ishirini.

Ijumaa, 13 Juni

Banda limekamilika saa tisa. Nimechora ukutani alama ya mahali pa kuchomeka.

Saa kumi na mbili na robo Probox ya Jackson ikasimama mbele ya nyumba yangu. Haijawahi kusimama hapo. Akashuka Mzee Ezra, na suti, na Biblia. Wakashuka watoto wake wa kiume watatu, kila mmoja na fimbo. Jackson akawafungulia milango mwenyewe. Hakuwatoza kitu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema nauli waache tu, baba.

Nikamwamkia mkwe shikamoo. Akaitikia marahaba. Akasema amesikia kwamba Mungu amenibariki.

Nikataka kujua amesikia nini. Mzee akatazama jua. Lilikuwa linagusa kilima. Akasema yeye ni Msabato, na mambo ya mifugo hayazungumzwi Sabato ikiingia. Tutaongea kesho jua likizama.

Akaomba maji ya kunawa.

Jumamosi, 14 Juni

Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi.

Mzee Ezra amekaa barazani tangu asubuhi. Amesoma Biblia. Amesali. Ameimba nyimbo mbili. Hakusema lolote kuhusu ng'ombe, na kila nilipopita alinitabasamia. Mashemeji watatu wamemaliza ugali wa siku tatu. Mkubwa wao alikwenda kuliangalia zizi, akarudi, akakaa. Naye hakusema. Watu hawa wana imani kali.

Nimejaribu kuongea na Rhobi jikoni. Akasema hata yeye anasubiri jua.

Saa kumi na mbili na nusu likazama. Mzee akafunga Biblia. Akatoa simu ya mtoto wake. Kwenye kioo kulikuwa na tangazo langu. Akanisomea mstari wa mwisho, kwamba mwenye pingamizi ajitokeze.

Akasema, "Nimejitokeza, mkwe."

Nikakohoa. Nikamwambia ng'ombe ni kweli wapo, ila si wote wako hapa. Nimewaweka kwa marafiki. Kwetu hiyo ni kawaida, ng'ombe wako kulishwa kwenye zizi la mwenzako, hakuna wa kushangaa. Mzee akakubali kabisa. Akasema basi Jumatatu tutazunguka wote kwa hao marafiki, nimwonyeshe walipo, achague wanane wake, aende.

Akaomba chai.

Jumapili, 15 Juni

Nimezunguka nyumba kumi kuomba kila mtu akubali kwa siku moja tu kwamba ng'ombe wake ni wangu.

Kumbe wote wameshasoma ubaoni. Kila mmoja amewatambua wake kwa rangi. Mzee mmoja ambaye huniita mwanangu hakunikaribisha kukaa. Mwingine alisimama mlangoni akaniuliza, "Mura, unajua mtu anayeandika ng'ombe wa mwenzake kuwa ni wake anaitwaje?"

Najua. Hapa kwetu neno hilo halisemwi kwa utani. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa.

Wameitisha mkutano kesho saa nne, ofisi ya kijiji. Ni saa ile ile ambayo Bi Domitila anakuja kuchukua saini.

Jumatatu, 16 Juni

Mwenyekiti wetu ni Vedasto, mtu wa maneno machache. Alibandua tangazo ubaoni, akaliweka mezani. Upande mmoja walikaa majirani kumi. Upande wa pili Mzee Ezra na watoto wake. Katikati Bi Domitila na kalamu yake. Rhobi alisimama nyuma, amejifunga kanga kiunoni.

Mwenyekiti akaniuliza swali moja. Hawa ng'ombe arobaini na mmoja ni wako au si wako?

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikisema ni wangu, nimewaibia majirani, na mkwe anachukua wanane wa watu. Nikisema si wangu, gari limekwenda. Nikasema ni wangu kwa muda.

Muda gani, akauliza.

Nikasema kuanzia saa tatu mpaka saa sita.

Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha mgambo nje. Jackson alivua miwani afute machozi. Bi Domitila hakucheka. Alikata mstari mmoja mrefu kwenye karatasi yake, akasema kwa upole kwamba pale kwenye neno wachungaji alikuwa ameweka alama ya kuuliza tangu siku ile. Akafunga faili. Sauti ile ile ya benki ya kwanza.

Faini yangu ni mbuzi wawili wa wazee. Jackson akaongeza kwamba dawa ya kupe ilikuwa nzuri, asiseme uongo.

Ndipo Mzee Ezra akasimama. Hakupaza sauti. Akasema amesikia nimetembea benki mbili, nikavuka hadi Kenya, natafuta mkopo usio na riba na usio na mdhamini. "Mimi nilikupa, mwanangu," akasema. "Miaka kumi na minane. Sikuomba hati ya mshahara. Sikubandika tangazo. Nilikupa binti yangu nikakwambia utalipa pole pole." Akasema kila mwaka niliposema ng'ombe hawahesabiwi alinionea huruma, akijua sina. Sasa wamehesabiwa. Leo anaondoka na ng'ombe wanane, au anaondoka na Rhobi.

Nikamtazama Rhobi. Nilidhani atanitetea. Au atamtetea baba yake. Yeye akasema habari ya kuondoka au kubaki waiache kwanza. Akasema deni la mama lisipolipwa, linalipwa na binti. Nice akiolewa, ng'ombe wake wa kwanza watapita hapa bila kusimama, waende Busawe kulipa mahari ya mama yake. "Mimi nimeshazoea kuitwa wa nusu bei," akasema. "Mtoto wangu asije akanilipia mimi."

Hakuna aliyecheka hapo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya majogoo.

Nikasema ninao tisa. Kwa sauti. Mkutano mzima ukanisikia nikihesabu.

Jumanne, 17 Juni

Wamekwenda. Wanane. Mzee Ezra aliwachagua mwenyewe, akamwacha yule wa pembe moja. Alisema huyo nibaki naye kwa ukumbusho.

Rhobi aliwatoa zizini mwenyewe, akawaswaga mpaka barabarani, akapiga vigelegele peke yake. Wanawake wa jirani wakatoka wakamwitikia. Alirudi na vumbi hadi magotini. Akanitengenezea chai yenye vijiko vitatu vya sukari, akanipa kwa mikono miwili, akaniita Baba Nice kwa namna ambayo sijaisikia tangu tuoane. Nikasema chai ni tamu.

Kabla ya kuondoka Mzee Ezra alinishika mkono mbele ya watu wote. Akasema sasa mimi ni mkwe kamili. Hana kinyongo. Mlango wake uko wazi.

Alhamisi, 19 Juni

Mwenye pembe moja analala kwenye banda la gari. Amelamba ile alama ya kuchomeka mpaka imefutika.

Mwalimu Beatrice amekuja kudai kiti cha mbele. Tumeelewana. Atakuwa anasafiri na Jackson, kiti cha mbele, na mimi nitamsagia Jackson mahindi bure mpaka miezi miwili iishe. Jackson amekubali haraka mno. Ana mahindi mengi.

Nimekaa mashineni nikitafakari. Nimejifunza mengi. Kosa langu lilikuwa kutafuta mbali. Benki zinataka hati, Steven anataka magari mawili, Bi Domitila anataka thelathini. Lakini yuko mtu mmoja mkoa huu anayekopesha bila riba, bila mdhamini, bila kubandika kitu ubaoni, na anasubiri miaka kumi na minane kabla ya kuja kudai. Tena kwake mimi ni mteja mzuri. Nimemaliza deni lote! Mbele ya mashahidi!

Nahitaji ng'ombe ishirini na tisa tu. Huyu wa pembe moja ninaye.

Nimemwambia Rhobi kesho nakwenda Busawe kuwasalimia wazee. Amefurahi sana. Amenipasia shati na kunifungia karanga za mama yake.

Nimepanga kufika Ijumaa saa kumi na mbili na robo jioni na kumwambia Mzee ombi langu kabla jua halijazama. Akitaka kukataa, itabidi asubiri mpaka Jumamosi jua lizame tena. Nitakuwa na siku nzima ya kukaa barazani na kumtabasamia.

Nauli amenikopesha Jackson.